Simba ina hati, munkoyo hauna

Kwenye meza ya mbao kandokando ya barabara iendayo Base, kambi ya kijeshi ya Kamina nchini Kongo, vinywaji viwili huuzwa pamoja. Kimoja ni bia ya Simba, ndani ya chupa kubwa iliyosafiri kutoka Lubumbashi. Kingine, munkoyo, kimo ndani ya bidoni ya plastiki iliyowahi kubeba mafuta ya kupikia. Haina lebo, na kifuniko chake kimelegezwa kidogo ili kinywaji kipumue. Anayenunua bia hutaja jina akalipa. Anayenunua munkoyo huuliza kwanza: “Mama, hii iko ya leo ao ya jana?” Swali hilo ndilo lebo yake. Munkoyo wa leo ni mtamu, hata mtoto hupewa. Wa jana umeanza kuchacha. Wa siku tatu ni wa watu wazima.

Chupa ile ina mwenyewe, na anajulikana hadi Ulaya. Brasimba, kiwanda kinachopika Simba na Tembo, kimo ndani ya kundi la Castel la Ufaransa, na atakayethubutu kubandika jina la Simba kwenye bia yake atajikuta mbele ya wanasheria. Bidoni nayo ina mama yake aliyeamka alfajiri, lakini ujuzi uliomo ndani yake haumo katika daftari lolote la miliki. Je, hilo ni pengo la kuzibwa haraka, au ndilo lililoufanya munkoyo udumu? Wapikaji wadogo wa bia huko Marekani na Ulaya wamekuwa wakizozana juu ya swali la aina hiyo kwa zaidi ya miaka 20: kipi kiwe cha mtu, kipi kiwe cha wote. Majibu yao yanafaa kusomwa hata Haut-Lomami, ingawa hayafai kumezwa bila kutafunwa.

Mji wa njia panda

Kamina ni mji uliozoea kupokea vya wengine na kuvifanya vyake. Reli ya kutoka Bukama kwenda Port-Francqui, mji unaoitwa Ilebo leo, ilikamilika mwaka 1928 na kupita hapa; baadaye, katika miaka ya 1950, likaongezwa tawi la kwenda Kabalo, na Kamina ikawa njia panda ya Kasai, Katanga na Tanganyika. Base yenyewe Wabelgiji walianza kuijenga mwaka 1949. Vita Baridi ilikuwa imeanza, na walitaka mahali pa kuegemea Afrika endapo Ulaya ingevamiwa tena. Marubani wa Kibelgiji walifundishwa hapo. Mwaka 1960 majeshi ya Umoja wa Mataifa yakaichukua. Baada yake majeshi ya nchi yakapokezana chini ya bendera zilizobadilika. Tangu mwaka 2015, Katanga ilipogawanywa kuwa mikoa minne, Kamina ni makao makuu ya mkoa wa Haut-Lomami.

Mwanajeshi huja na familia yake, mfanyakazi wa reli na yake, na kila familia huja na namna yake ya kuchachua nafaka. Ndiyo maana ukitafuta wapikaji wadogo wa Kamina kwenye orodha ya viwanda utarudi mikono mitupu. Nenda uani.

Kazi ya mzizi

Mama anayepika munkoyo huanza na uji wa mahindi. Huupika mzito, ukikaribia bukari (ugali) laini, na kuuacha uchemke muda mrefu. Akishaipua sufuria, hugeukia fungu la mizizi mikavu aliyonunua sokoni, mizizi mirefu kama vipande vya kamba, akaiponda kwa mchi mpaka ichanike nyuzinyuzi. Hapimi joto kwa chombo. Hungoja uji ufikie joto ambalo mkono unavumilia, kisha hutumbukiza zile nyuzi na kukoroga. Baada ya saa chache uji uliokuwa ukiushika mwiko wima umelegea na kuwa mwepesi kama maziwa, tena umekuwa mtamu, ingawa hakuna aliyetia sukari hata punje. Nyuzi huchujwa, chombo hufunikwa, na usiku humalizia kazi.

Katika maelezo hayo mafupi mmejaa ujuzi ambao kiwanda cha kisasa kingeulipia. Bia ya shayiri hutegemea kimea: nafaka huloweshwa, ikaota, ikakaushwa, na katika kuota huko huzalisha vimeng’enya vinavyovunja wanga kuwa sukari. Munkoyo hauhitaji kimea. Vimeng’enya vyake hutoka kwenye mizizi ya mimea ya porini ya jamii ya kunde, hasa ile ambayo wataalamu wa mimea wanaiita Rhynchosia na Eminia. Uji ukiwa wa moto mno, vimeng’enya hufa. Ukiwa baridi mno, hulala. Mkono wa mama ndio kipimajoto.

Wanasayansi walishaufikia mlango huo. Mwaka 1997 watafiti wa Zambia na wenzao walichapa uchunguzi kuhusu mzizi wa Rhynchosia kama chanzo cha vimeng’enya katika munkoyo wa nchi hiyo. Mwaka 2012 watafiti wa Kongo, wakishirikiana na wa Gembloux huko Ubelgiji, walichapa uchunguzi wa munkoyo wa Kongo na jinsi unavyochacha wenyewe. Mwaka uliofuata wengine wakaorodhesha bakteria waishio ndani ya munkoyo na vinywaji vingine vya kuchacha vya Zambia, chibwantu na mabisi. Kazi hizo ni za heshima, na bila hizo mengi ya usafi na lishe yasingejulikana. Lakini zimefanya jambo moja la kisheria ambalo mama wa Kamina hakuulizwa: zimeuweka ujuzi huo hadharani, kwa maandishi, kwa tarehe, kwa majina ya waandishi wake.

Droo nne za sheria

Kinachoitwa miliki bunifu ni mfano wa kabati lenye droo nne. Ya kwanza ni hataza, inayompa mvumbuzi haki ya peke yake kwa miaka kadhaa. Ya pili ni hakimiliki, inayolinda maandishi, michoro na nyimbo. Ya tatu ni siri ya biashara. Ya nne ni alama ya biashara, yaani jina na sura ya bidhaa. Nchini Kongo, hataza na alama zinatawaliwa na Sheria namba 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982, nayo hakimiliki ina sheria yake ya mwaka 1986.

Jaribu kuiingiza bidoni ya munkoyo katika kila droo. Hataza hutaka jambo jipya, na munkoyo ni wa zama za mababu. Hakimiliki ingelinda maneno ya kitabu cha mapishi, isilinde kinywaji chenyewe. Mtu akisoma akapika, hajavunja sheria. Siri haiwezekani pale ambapo majirani wote wa uani wanaijua. Inabaki alama. Mama anaweza kusajili jina lake mwenyewe au picha ya kibuyu chake. Neno “munkoyo” peke yake halipaswi kupewa mtu mmoja, kwa kuwa ni jina la kitu, kama vile hakuna anayeweza kusajili neno “chumvi” ili auze chumvi.

Ukweli ni kwamba bia za viwandani nazo zinalindwa zaidi na droo hiyo ya nne. Mapishi ya bia ya kawaida yanajulikana na kila mpikaji aliyesoma: shayiri au mahindi, maji, hopsi, hamira. Mnywaji hulipia jina. Alama ya kwanza kabisa kusajiliwa Uingereza, tarehe 1 Januari 1876, ilikuwa pembetatu nyekundu ya bia ya Bass. Tangu siku hiyo bia na sheria ya majina zimekuwa ndugu.

Jina moja, wenyewe wengi

Undugu huo una vituko vyake. Primus, iliyoanza kupikwa Léopoldville mwaka 1926 na kampuni inayoitwa Bralima, ilikuja kuwa ya Heineken, na jina lake likaenea Rwanda na Burundi. Lakini Mkongo akienda Ubelgiji akaagiza Primus, ataletewa bia nyingine kabisa, ya kiwanda cha Haacht, ambacho hakina uhusiano na ile ya Kinshasa. Hakuna mwizi hapo. Alama huishi ndani ya mipaka ya nchi ilikosajiliwa, na wawili wanaweza kuwa na jina moja mradi wasikutane sokoni.

Skol ni kisa kingine. Mwaka 1964 kampuni za Uingereza, Kanada, Sweden na Ubelgiji ziliungana kutengeneza bia moja ya dunia nzima, kila mmoja akiuza kwake kwa leseni. Ushirika ukavunjika, jina likagawanywa kama shamba la urithi: Brazili likaangukia kampuni ambayo leo ni sehemu ya AB InBev, sehemu kubwa ya dunia likawa la Carlsberg, na Afrika likabaki na Unibra, yule mshirika wa Ubelgiji. Ndiyo sababu Skol ya Kigali na Skol ya Rio de Janeiro ni majina mapacha ya vinywaji visivyojuana.

Afrika Mashariki nayo ilishuhudia wakubwa wakishirikiana. Mwaka 2002 kampuni ya Afrika Kusini inayopika Castle na East African Breweries ya Kenya zilimaliza vita yao kwa mkataba: kiwanda cha Castle kilichokuwa Thika kikafungwa, Wakenya wakapata asilimia 20 ya hisa za Tanzania Breweries, na kila upande ukapika bia ya mwenzake kwa leseni, Tusker Tanzania na Castle Kenya. Kwenye karatasi ulikuwa ushirikiano. Sokoni ulikuwa mgawanyo wa mipaka, na mnywaji akabaki na chaguo pungufu. Mkataba uliishia kwenye ugomvi, na mwaka 2010 Wakenya wakanunua asilimia 51 ya Serengeti Breweries ili waingie Tanzania kwa mlango wao wenyewe.

Kwa hiyo neno “ushirikiano” lisimdanganye mtu. Lazima aulize: wanashirikiana nini, na nani anabaki nje?

Wadogo walivyojibu

Wapikaji wadogo wa Marekani walijibu kwa namna nyingine. Viwanda viwili, Avery wa Colorado na Russian River wa California, viligundua kwamba kila kimoja kinauza bia iitwayo Salvation. Kwa desturi ya nchi ile, hapo kesi ingefuata. Wenyewe walikaa, wakachanganya bia zao mbili katika pipa moja, na mwaka 2006 wakaitoa kwa jina la Collaboration Not Litigation, maana yake tushirikiane, tusishitakiane. Kila mmoja aliendelea na Salvation yake.

Huko Copenhagen, kikundi cha wasanii kiitwacho Superflex pamoja na wanafunzi wa teknolojia walikwenda mbali zaidi katikati ya miaka ya 2000. Walichapisha mapishi ya bia yao, na lebo yake pia, kwa leseni ya wazi: yeyote apike, auze, abadilishe, ila ataje alikoitoa na achapishe mabadiliko yake. Jina la kwanza la bia hiyo, Vores Øl, maana yake ni “bia yetu”. Mwaka 2018, moto ulipoteketeza miji ya kaskazini mwa California, kiwanda cha Sierra Nevada kilitoa mapishi ya bia moja na kuomba wenzake waipike kuwachangia waathirika. Viwanda zaidi ya 1,400 viliitikia.

Lakini upande wa pili wa sarafu upo. Mwaka 2015 Lagunitas alimshitaki Sierra Nevada huyo huyo kwa sababu ya herufi tatu, IPA, zilivyochorwa kwenye lebo. Wanywaji wakamzomea mtandaoni, na ndani ya siku chache kesi ikaondolewa. Mwaka 2022 kiwanda cha Stone kilimshinda jitu MillerCoors mahakamani na kutunukiwa fidia ya dola milioni 56, kwa kuwa lebo za Keystone zilikuwa zimelikuza neno “Stone” kupita kiasi. Bila alama iliyosajiliwa, mdogo huyo asingekuwa na la kusema.

Ukiviweka visa hivi pamoja, unaona jinsi wanavyogawa. Mapishi hutolewa kwa mkono mwepesi, kwa sababu mapishi peke yake hayamtajirishi wala kumfilisi mtu. Jina hushikwa kwa mkono mzito. Hata Avery na Russian River waliweza kucheka pamoja kwa kuwa kila mmoja alijua kilicho chake. Anayegawa ni mwenye kitu.

Karibu na nyumbani, Rwanda inatoa mfano wa ushirikiano ulioanzia kwenye kanuni hiyo. Mwaka 2016 kiwanda cha Beau’s cha Ontario, Kanada, kilichangisha fedha mtandaoni kumsaidia Josephine Uwineza, mwenye mkahawa Kigali, aanzishe kiwanda kidogo cha bia kitakachoendeshwa na wanawake. Hoja yao ilikuwa nyepesi: Rwanda, kabla ya chupa, pombe ya mtama na ya ndizi ilikuwa kazi ya mikono ya wanawake nyumbani. Kiwanda hicho, Kweza, kilichukua ujuzi wa mashine kutoka nje na nafaka kutoka ndani, huku jina likibaki Kigali.

Kisicho na mwenyewe

Vipi kinywaji cha nyumbani kikiachwa bila ulinzi wowote? Historia ya ukanda huu ina majibu kadhaa.

Katika miaka ya 1950, mfanyabiashara Max Heinrich alianza kupika pombe ya nafaka ya kienyeji kwa kiwango cha kiwanda huko Kitwe, upande wa pili wa mpaka wa Katanga. Husimuliwa kwamba aliandika maoni ya wateja wake katika kitabu, na kutokana na kitabu hicho pombe ikaitwa Chibuku. Namna ya kupika ilikuwa ya akina mama wa Copperbelt na kusini yake; kilichosajiliwa ni jina. Chibuku ikaenea Zimbabwe, Malawi, Botswana, ikafika Dar es Salaam, na kupita mikono ya makampuni makubwa. Kisha watu wakalipiza bila kukusudia: Katanga, “kibuku” ni pombe ya mahindi ya yeyote, hata isiyowahi kuona kiwanda. Jina la mtu limegeuka jina la kitu. Mwenye alama huogopa jambo hilo kuliko mshindani.

Uganda ilichukua njia ya amri. Katikati ya miaka ya 1960, sheria ya enguli ilimtaka kila anayetonesha gongo nyumbani awe na leseni na aiuze kwa kampuni moja, iliyoisafisha na kuitia chupani kwa jina la Uganda Waragi. Leo Waragi ni chapa inayojulikana nje ya Uganda na iko chini ya Uganda Breweries. Anayetonesha kijijini amebaki na kazi ile ile, na polisi nyuma yake. Wapikaji wa lutuku, gongo ya Kongo, wanakielewa kisa hicho bila kutafsiriwa.

Hatari kubwa zaidi hata hivyo haiko kwenye jina. Iko kwenye mzizi. Mwaka 2007 kampuni moja ya Uholanzi ilipewa hataza Ulaya juu ya unga wa teff, nafaka ambayo Waethiopia wamekula tangu kale. Ilichukua hadi mwaka 2018 ndipo mahakama ya The Hague ikaibatilisha huko Uholanzi, kwa kuwa hakukuwa na uvumbuzi wowote. Nchini Kenya, sampuli za vijidudu zilichukuliwa Ziwa Bogoria mwaka 1992, vimeng’enya vyake vikaingia katika sabuni za kufulia na viwanda vya nguo, na mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya likajitokeza kudai mgao. Miaka mitatu baadaye shirika hilo lilitia saini mkataba na kampuni ya Novozymes ya Denmark, safari hii kwa masharti yaliyoandikwa.

Munkoyo unafanana na Bogoria kuliko unavyofanana na Chibuku. Kimeng’enya kinachovunja wanga ni bidhaa inayonunuliwa na waoka mikate, watengeneza bia na watengeneza sabuni duniani kote. Zile makala za kisayansi zina faida ambayo haikukusudiwa: kwa kuwa matumizi ya mzizi yameshachapwa, ni vigumu kwa mtu kudai amevumbua matumizi hayo hayo. Lakini zinamwonyesha pia msomaji wa mbali pa kuchimba. Kongo ni mwanachama wa Itifaki ya Nagoya, inayotaka ridhaa na mgawo wa faida kabla ya kuchukua rasilimali za viumbe. Mwezi Mei 2024, huko Geneva, nchi zilipitisha mkataba mpya unaomtaka mwombaji wa hataza aseme rasilimali na ujuzi wa jadi aliotumia vimetoka wapi. Utaanza kufanya kazi baada ya nchi 15 kuuridhia.

Munkoyo ni wa nani?

Hapa ndipo wanaotaka “kuulinda” munkoyo hujikwaa. Waluba wa Haut-Lomami wataudai. Wabemba nao, na Walamba, na wengine wa kusini mwa Katanga na kaskazini mwa Zambia. Mpaka uliochorwa na wakoloni ulipita katikati ya msitu wa miombo bila kuuliza mizizi inaota upande gani. Zambia ilitunga mwaka 2016 sheria ya kulinda ujuzi wa jadi na rasilimali za viumbe. Kenya ilitunga ya kwake mwaka huo huo. Kama kila nchi itaandika munkoyo kuwa ni wake peke yake, mama wa Kamina anayenunua mizizi iliyovushwa mpakani atakuwa mgeni katika kinywaji chake.

Tena kumiliki kwa pupa kungeua kile kinachoufanya munkoyo uishi, yaani kuigana. Binti hujifunza kwa mama mkwe, mama mkwe alijifunza kwa jirani wa Kasai, na anayeharibu mtungi wake huazima kidogo cha jana kwa mwenzake ili uji mpya ushike haraka. Likelemba, yaani kikundi cha wanawake cha kuchangiana, hununua mahindi kwa pamoja, mengine yakitoka mashamba ya Kaniama, na kugawana. Huo ndio ushirikiano ambao wapikaji wa Colorado walilazimika kuupa jina na lebo. Kamina, ushirikiano huo haukuwahi kuhitaji jina, kwa sababu hakuna aliyefikiri kuna njia nyingine ya kupika.

Uganda inaonyesha pia kwamba ujuzi ulioachwa wazi unaweza kumnufaisha mkulima pale serikali inaposimama vizuri. Mtama wa Epuripur ulizalishwa na watafiti wa umma wa Serere, ukatolewa kwa wakulima mwaka 1995 bila mtu kufungiwa mbegu. Miaka michache baadaye Nile Breweries ikaanzisha Eagle, bia ya mtama huo, kwa nafuu ya kodi iliyofungamanishwa na kununua kwa wakulima wa ndani. Jina likawa la kampuni, mbegu ikabaki ya wote, na fedha zikashuka hadi shambani.

Mpango huo wa Serere, pamoja na ule wa Copenhagen, ndio unaofaa kuigwa Haut-Lomami. Mapishi yabaki wazi. Yaandikwe kwa Kiswahili na Kiluba, kwa tarehe, yakitaja wapikaji na mahali, ili yawe ushahidi dhidi ya hataza ya baadaye. Mzizi ulindwe kwa sharti la Nagoya: mtafiti akija, asaini kabla ya kuchimba. Na jina lishikwe na wengi kwa pamoja. Kwa hilo sheria ina chombo kinachoitwa alama ya pamoja: chama ndicho kinachoimiliki, na mwanachama yeyote anayefuata kanuni, kwa mfano mzizi halisi, maji yaliyochemshwa, tarehe ya kupika kuandikwa kwenye bidoni, anaruhusiwa kuitumia. Asiyefuata ananyang’anywa. Haimzuii mtu yeyote kupika munkoyo wala kuuita munkoyo. Inamzuia tu kusema uongo kwamba ni wa akina mama wa chama hicho.

Faida yake ingeonekana kwanza pale pale barabarani. Mwanajeshi aliyehamishiwa Base jana hamjui mama yeyote, hivyo hununua chupa anayoijua. Akikuta bidoni tatu zenye alama moja na tarehe, hana haja ya kuuliza kama ni ya leo au ya jana. Faida ya pili ni ya siku kiwanda kitakapoamua kutia munkoyo chupani: kitakuwa na mtu wa kuzungumza naye, mwenye muhuri na saini, badala ya kuchukua kimyakimya kama ilivyokuwa Kitwe.

Vikwazo ni vya kawaida kabisa. Maombi hupelekwa Kinshasa, mbali na Kamina kwa reli na kwa mfuko. Fomu ni za Kifaransa. Ada inamtisha anayeuza kwa kikombe. Kongo haimo katika OAPI, jumuiya ya nchi ambazo nyingi hutumia Kifaransa na ambazo usajili mmoja hutosha kwa zote, na kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 hakukuleta ofisi ya pamoja ya alama. Kwa hiyo kazi hii haimfai mama mmoja mmoja. Inafaa kubebwa na serikali ya mkoa, kwa gharama ambayo ni ndogo kuliko semina moja ya maendeleo.

Kisheria mlango umekuwa wazi muda mrefu. Kongo iliingia Mkataba wa Paris wa mali ya viwanda mwaka 1975, na kifungu cha 7 bis cha mkataba huo kinailazimu kila nchi mwanachama kupokea na kulinda alama za pamoja za vyama. Kinachotakiwa ni chama cha wapikaji chenye kanuni zilizoandikwa, na mtu wa kuupeleka mkoba wa karatasi Kinshasa.